Vipande vya Sukari vya Tilde

Burträsk,
Jumapili ya Pentekoste, 19 Mei 2024.

Mpendwa dada Ingegerd,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Kanada. Nyonga yako inaendeleaje? Tangu uandike kwamba umeitupa fimbo nakutaja kila asubuhi katika sala, maana nakujua, hutaichukua tena hata ukianguka. Sisi huku wazima. Mzee wangu Roland mgongo humsumbua pale tu penye kuni za kupasua. Barafu ya ziwani iliyeyuka wiki iliyopita na mazulia nimeshafua.

Sasa nikuungamie jambo kabla hujalisikia kwa Ylva. Binti yangu huyo kila akilisimulia hucheka mpaka hamalizi.

Unakumbuka mwanawe Tilde alivyozaliwa wiki ya ishirini na tatu ya mimba, uzito wa pakiti moja ya kahawa, nusu kilo. Nilikuandikia jinsi nilivyosimama dukani na pakiti mkononi nikashindwa kwenda kulipa. Madaktari walitueleza kati ya watoto kumi kama yeye wangapi huishi, wangapi huja kutembea vizuri, wangapi hupata shida shuleni. Ila yeye ni yupi katika hao kumi, hakuna aliyeweza kusema. Nimeishi na swali hilo miaka mitano na nusu.

Basi mwezi Machi ikafika zamu yake ya kupimwa hospitalini, kipimo kile cha kabla ya shule. Ndicho kingeonyesha kama Agosti ataanza na wenzake, na kama atahitaji msaada. Niliiogopa karatasi ya majibu yake, dada, kuliko kitu chochote. Nilisali, ndiyo. Lakini sikumwachia Mungu kazi yote.

Siv wa kanisani, mjukuu wake alipimwa mwaka jana. Akaniambia watoto hupewa vibao vya mraba, vyekundu na vyeupe, wavipange kama picha wanayoonyeshwa. Nikamwomba anichoree picha anazokumbuka, akachora nne nyuma ya karatasi ya nyimbo. Mimi nikachukua vipande vya sukari, nusu nikavipaka rangi ya keki. Majira yote ya baridi, kila Jumamosi, Tilde alipanga sukari mezani kwangu nami nikinywa kahawa. Akipatia, anakula kimoja. Ylva alidhani mtoto anafuata mikate ya mdalasini.

Siku ya kipimo nikaruhusiwa kukaa pembeni na Ylva. Mtaalamu ni mama mmoja mpole anaitwa Torun. Akamwaga vibao mezani. Hata kitabu cha picha hajakifungua, Tilde kashapanga picha ya kwanza, kaivunja, kapanga ya pili. Torun akavua miwani. Mtoto akachukua kibao chekundu akakitia mdomoni, akakunja uso.

“Hiki kibovu,” akasema. “Vya bibi vinaliwa.”

Ylva akanigeukia taratibu. “Mama, umefanya nini?”

Nikasema yote, na jina la Siv nikalitaja, Mungu anisamehe. Nilijiona kama mtu aliyekutwa na mkono ndani ya sanduku la sadaka. Torun alicheka kidogo, halafu akaniambia jambo ambalo silali bila kulikumbuka:

“Bibi, hapa hatutoi cheti. Tunatafuta mahali mtoto atakapohitaji kushikwa mkono. Ukinificha, nani atamshika?”

Nikamuuliza basi huyu akifika miaka thelathini atakuwa mtu wa namna gani. Akajibu kwamba juu ya watoto mia waliozaliwa hivyo anaweza kunieleza mengi, ila juu ya Tilde peke yake itabidi tungoje tumwone.

Vile vibao havikuhesabiwa. Baada ya chakula wakampa mambo mengine ambayo Siv hakuyajua. Maneno anayo, anaongea kama mhubiri wetu, na kama yeye, hajui kumaliza. Mikono ndiyo inatetemeka, na ukimpa maagizo matatu la tatu linapotea. Kwa hiyo Agosti anaanza na wenzake, na darasani atakuwepo mtu mzima wa kumsaidia. Sukari yangu ingefaulu, mtu huyo asingempata. Nililia njia nzima, Ylva akanipa leso na kunicheka.

Na shule yenyewe ni ile ninayopika. Pale kila mtoto hubeba sinia lake mwenyewe. Ylva ameniapisha: “Mama, akimwaga, amwage. Usitoke jikoni.” Nimeahidi. Kwa hiyo siku hizi nikisali namwomba Mungu anishikie mikono yangu mimi, siyo ya Tilde.

Msalimie sana shemeji Walter, na Karin na watoto wake. Roland, Ylva na Tilde wanakusalimu. Bwana akulinde utokapo na uingiapo, na hasa kwenye ngazi.

Nduguyo akupendaye, asiyekusahau mezani wala magotini,

Ann-Gerd