Mkeka wa Faiza Usiukate

Osob abaayo, dada yangu,

Maziwa yako kwenye kibuyu, wape watoto kwanza. Yule mbuzi mwekundu nimemfunga kwa sababu alishaanza kutafuna ncha ya mkeka. Kisu kikubwa usikitafute, nimeondoka nacho.

Asubuhi nilikukuta umeukalia ule mkeka wa nyuzi za magome wa kufunikia aqal, kibanda cha harusi, kisu mkononi, unalia. Kisa binti yako Faiza amepiga simu kutoka Wajir kusema nyumba yao ina vigae na magome ya miti hayataki. Ukasema basi mbuzi waulalie. Miaka mitatu ya kusuka, Osob, mbuzi waulalie?

~~Haya, ukate, hata mimi nimechoka.~~

Usiukate. Nakuomba kwa jina la Allah. Mama yangu alikufundisha wewe, mke wa mwanawe, akaniacha mimi niliyetoka tumboni mwake. Alisema mikono yangu ni ya chapati tu. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini sasa yeye yuko kaburini, na mkono wake umebaki kwako peke yako. Ukiacha wewe, umekwisha.

Nimeenda kutafuta magome mengine ya mgunga, nitarudi kabla ya magharibi. Nyuzi zilizolainika ziko kwenye beseni. Nimezitafuna tangu alfajiri mpaka ufizi ukatoa damu.

Faiza asipoutaka, nautaka mimi. Ila umalize wewe, abaayo. Mimi najua kutafuna tu.

Wifi yako, Bilan