Mlango wa Mshauri

Jumanne, Thika

Bado nasikia sauti ya Wambui. Leo nilikuwa nawauliza wanafunzi wa chuo chetu kama huduma zetu zinawafaa, ili niandike ripoti ya chuo, naye Wambui akanijibu polepole, "Madam, mathe, mama yangu, alipofariki nilienda kwa mshauri wa wanafunzi mara nyingi. Nilikuta mlango umefungwa."

Nikamwambia mkuu wa chuo.

"Andika kwenye ripoti huduma ya ushauri iko," akasema. "Ofisi si iko?"

Iko, ndiyo. Lakini mshauri alihamishiwa ofisi ya usajili, na hakuna aliyeletwa mahali pake.

Nimeandika kwamba hatuna mshauri. Mkuu atakasirika, na kazi yangu sijui...

Jioni nilimpigia Wambui, nikamwomba kesho aje tuongee.

"Asante, madam," akasema. "Lakini nishatoka hosteli. Niko nyumbani Ruiru, na chuo sirudi tena."