Viganja vya Binti Yako

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi ni mzima. Magoti tu ndiyo yanayolalamika, na mvua huku haijakatika. Nilifika kwenye kasino anakofanya kazi binti yako, kama ulivyonituma, nimwambie achague: aache kugawa karata, kazi uliyosema ni ya wezi, au asikuite tena baba.

Nilimkuta mezani. Ndugu yangu, vidole vile! Karata zilimtoka kama maji. Siku hiyo palikuwa na ofa: apataye ishirini na moja kwa karata mbili za kwanza hulipwa maradufu. Bwana mmoja mnene, aliyejigamba kwamba mbinu yake ni kuongeza dau kila anapoliwa, hatimaye akaipata. Akamsogezea binti chipu nyekundu, kile kidude cha plastiki kitumikacho humo badala ya pesa.

"Ficha, mrembo, asione mtu."

"Bosi, hapa hata mbu anaonekana!"

Binti akaigonga chipu mezani wote wasikie, akaitumbukiza katika sanduku la bakshishi ya wafanyakazi wote, kisha akavifunua viganja vyake vitupu mbele ya kamera ya darini. Hufanya hivyo kwa kila bakshishi. Nilistaajabu hata nikasahau kuketi.

Alipopumzika akaniuliza, "Baba mkubwa, baba amesemaje?"

Nikamjibu, "Anakusalimu sana."

Unajua kwamba mimi sisemi uongo. Basi msalimu upesi, maneno yangu yapate kuwa kweli.

Anayekungoja,
Kaka yako