Alisema "Nimeitengeneza," Nami Nikapiga Makofi

Mpendwa mshauri, kabla ya yote naomba unisamehe kwa kuchelewa kukuandikia, maana barua hii nimeianza mara nyingi na kila nikifika mstari wa pili ama mtoto anaamka ama aibu inanishika, naikunja naichomeka chini ya godoro, lakini leo nimesema liwalo na liwe, naomba msaada kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, ndiyo kwanza anasimama kwa kushika viti, na kabla sijajifungua nilikuwa nabandika kope saluni, kazi ya kibano na gundi na kutohema, sikusoma sana lakini mkono wangu hautetemeki. Mume wangu ni karani wa mizigo kwenye uwanja mdogo wa ndege, mtu mwema, simsingizii, jioni akirudi anamwogesha mtoto yeye mwenyewe huku anamwimbia, kwa hiyo ukinijibu nakuomba usimtukane sana. Kuna rubani aliyekuwa anahama kazi, akamwachia boksi la ndege ya kuunganisha, zile za plastiki ambazo unakata kipande kimoja kimoja unabandika mpaka inakuwa ndege ndogo inayofanana na ile kubwa, na mume wangu alilifungua, akavitazama vile vipande, akasema, "Hii siyo zawadi, ni adhabu," akalisukumia juu ya kabati.

Nikalishusha mimi. Mtoto akilala mchana nakata, akiogeshwa jioni napaka rangi, na nilipoona viti vya rubani vilivyokuja na boksi ni vibaya kama matofali nikajiunga na kundi la watu wa kazi hiyo kwenye simu, wakanieleza kwamba wapo mafundi wengine kabisa wanaotengeneza vipuri vyao pembeni, vya resini, yaani plastiki ngumu inayomiminwa kwenye kalibu, wanawauzia watu wasioridhika na vya kwenye boksi. Mshauri, vile viti vilipofika nilikaa chini. Kiti ni kama punje ya hindi lakini mikanda inaonekana, na mshono wa mto unaonekana! Nikaagiza na injini, na magurudumu, kwa pesa ya kusuka majirani. Resini ina tabia zake, usipoiosha kwa sabuni rangi inabanduka, na gundi ya plastiki haiishiki, inataka supagluu, na vumbi lake si la kuvuta, kwa hiyo nilikuwa nasugulia uani, msasa umelowa maji, barakoa usoni, wifi yangu akipita anacheka, "Wenzako wanawabandika watu kope, wewe unaibandika ndege!"

Ilipokamilika ilipendeza mpaka nikaiogopa. Mume wangu akaizunguka mara mbili, akasema, "Mke wangu, hii tukiiacha hapa huyu mwanao atakula gurudumu, nipe nikaifungie kabatini kazini." Nikaona amesema la maana, nikaipanga kwenye boksi la viatu, nikaizungushia pamba kama kichanga.

Basi siku moja wakatualika familia kazini kwao, wanafungua chumba kipya cha kufundishia mafundi wa ndege. Naingia na mtoto kiunoni, naikuta ndege yangu katikati ya meza, ndani ya kioo, na mbele yake kadi imeandikwa "Kazi ya mikono ya," halafu jina la mume wangu, majina yote matatu, hata lile la babu yake ambalo halitumii popote. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikasoma tena. Mkuu wao akamshika bega mbele ya watu wote, akamwuliza, "Hebu tuambie, kitu kama hiki umekifanyaje?" Na mume wangu, ambaye kule kwenye mizigo wanamwita Bwana Furushi na hakuna aliyewahi kumsifu kwa lolote, akasema, "Nimeitengeneza kwa uvumilivu tu, mkuu."

Nimeitengeneza! Watu wakapiga makofi. Na mimi, mshauri, sijui ni nini kilinisukuma, nikapiga makofi, na mtoto ambaye ndiyo kwanza amejifunza naye akapiga. Halafu mkuu akanigeukia na tabasamu, "Shemeji, una fundi ndani ya nyumba! Humsumbui na kelele za mtoto?" Nikasikia mdomo wangu mwenyewe unajibu, "Hapana, simsumbui."

Kumbe hiyo ilikuwa rasharasha. Mkuu akatangaza palepale kwamba Bwana Furushi atahamishwa kutoka mizigo aje chumba cha mafunzo, atengeneze ndege za mfano zilizopasuliwa ubavu ili wanafunzi waone injini ndani, na ya kwanza ataiunganisha mbele ya macho yao wakishafika. Mume wangu akarudi na boksi kubwa kuliko la kwanza, ameshika mlango kwa kiwiko, anacheka, "Mke wangu, tumepata kazi!"

Nikamwuliza, "Tumepata, au umepata?"

"Si ni kitu kimoja? Mimi na wewe mwili mmoja."

"Basi kasimame mbele ya wanafunzi na hiyo mikono ya mwili mmoja."

Akakaa kitandani, akaniomba nimfundishe. Nimejaribu, mshauri, Mungu ananiona. Amejigandisha vidole viwili mpaka nimemtoa kwa mafuta, amekata gurudumu la resini pamoja na mguu wa ndege, injini kaibandika kwa gundi ya plastiki nikiwa nimemwambia siyo, ikadondoka kwenye chai. Halafu kuna jambo ambalo mpaka sasa nikilikumbuka nasisimka, nilitoka kuanua nguo, narudi nakuta anasugua resini kavukavu kitandani, vumbi jeupe limetanda mpaka kwenye nywele za mtoto aliyelala. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu hapo amebadilisha maneno, anasema mimi nitengeneze nyumbani, yeye atakwenda nazo, na mbele ya wanafunzi ataongea tu, "maana kuongea naweza." Wifi naye kaniambia, "Wewe nawe, chakula si unapika wewe na mgeni anamsifu mwenye nyumba? Hilo nalo la kununia?"

Nimeshaanza hiyo ya pili, nakiri, ubavu mmoja nimeshaukata. Nikiendelea, nitapiga makofi maisha yangu yote. Nikiacha, baba wa mtoto wangu ataaibika mbele ya watu waliomheshimu mara moja tu tangu azaliwe, na labda na kazi itaota mbawa. Niimalize au niiache? Naomba unishike mkono.

Mimi, niliyepiga makofi.

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu, barua yako niliianza nimekaa, nilipofika kwenye "simsumbui" nikajikuta nimesimama. Nimefanya kazi hii muda mrefu. Nimesoma za waume walioiba mbuzi, nguo, hata meno ya dhahabu ya mkwe. Aliyeiba mikono ya mkewe, akaifungia kwenye kioo na kuibandika jina la babu yake, huyu ni wa kwanza.

Pole. Sikutanii ninaposema pole. Mtu akipigwa na mshtuko, mwili hufanya wanavyofanya wengine, wewe wenzako walipiga makofi nawe ukapiga. Kwa makofi yale sikulaumu. Lakini mkuu alikuuliza wewe, uso kwa uso, na tangu siku ile mshtuko ulishapoa, na bado ukaketi ukakata ubavu wa ndege ya pili. Hapo nakulaumu. Ile ya kwanza aliichukua. Hii unampa.

Umeniomba nisimtukane, simtukani. Mwanamume anayemwogesha mtoto wake huku anaimba hajaoza. Ana njaa ya kusifiwa, na njaa ni mbaya, lakini mwenye njaa huomba chakula, haingii jikoni kwa jirani akafunua sufuria. Na wifi yako mwambie hivi: mgeni akimsifu mwenye nyumba kwa chakula, mwenye nyumba aliyefunzwa kwao huelekeza kidole jikoni. Akishasikia hilo, usiendelee kubishana naye, ana mengi ya kufanya kwake.

Sasa sikiliza. Ndege ya pili ifunike leo. Usikate, usibandike, usipake hata tone. Mtoto mpeleke kwa mtu akae naye jioni moja, umweleze mumeo kwa sauti ya kawaida, mara moja tu, bila kumkumbusha ile chai yenye injini. Mwambie aende kwa mkuu wake kabla wanafunzi hawajafika, aende peke yake, mlango umefungwa. Wewe usiende, usipige simu, usimtume mtu. Aibu aliyoifuma mwenyewe aifumue mwenyewe.

Na neno la kusema nampa mimi, kwa sababu namjua atalitafutia kichaka. Atataka kusema "tumeitengeneza." Mkatalie. Hiyo "tu" ni blanketi, atajifunika yeye na wewe utabaki miguu nje. Aseme: "Ameitengeneza mke wangu." Afanye mazoezi nyumbani mpaka ulimi uzoee, kama mtoto anavyojifunza kusimama.

Atakuuliza, "Nikifukuzwa je?" Mjibu kwamba anaweza kuonywa, anaweza kurudishwa kwenye mizigo, na akirudishwa utamfulia shati la mizigo kama zamani na hutalitaja jambo hili mezani. Lakini mtu asiyejua gundi ipi inashika nini hawezi kusimama mbele ya wanafunzi. Kipande kimoja kitadondoka mbele yao, na siku hiyo hakutakuwa na mlango wa kufunga. Akikataa kwenda, usigombane naye. Msimamo wako ni mmoja: ndege ibaki imefunikwa, na siku ikifika aende na mikono yake.

Mwisho, lile la vumbi. Hapo sina huruma na yeyote kati yenu. Shuka zote zifuliwe, chumba kipigwe deki kwa kitambaa kilicholowa, na resini isiguswe tena ndani ya chumba anacholala mtoto, na kama anakohoa mpeleke akapimwe kesho, usingoje Jumatatu. Ukishamaliza, niandikie.

BAADAYE AKATUANDIKIA TENA

Mpendwa mshauri, safari hii sijachelewa, ila naandika kwa mkono mmoja, wa pili una mtoto. Kifua chake kimepimwa, ni kizima.

Nilimwambia kama ulivyoniagiza. Alikasirika, akasema nimekwenda kumwanika magazetini, akalala ameuangalia ukuta. Nikaifunika ndege na khanga, nikanyamaza, ingawa kunyamaza kuliniuma kuliko kupiga kelele. Siku ya tatu nikamsikia bafuni anamwogesha mtoto, haimbi, anarudiarudia taratibu, "Ameitengeneza mke wangu, ameitengeneza mke wangu," mtoto anamrushia maji. Asubuhi akapiga pasi shati lake mwenyewe, akaondoka bila kunywa chai.

Amenisimulia kwamba mkuu alikwenda tu akaiondoa ile kadi, akaichana vipande viwili. Mume wangu amepewa onyo na amerudi mizigoni. Kule sasa hata Bwana Furushi hawamwiti, wanapiga makofi akipita. Inaniuma, mshauri, nisikudanganye, nilimfulia lile shati nikilia. Hajanichekea bado. Lakini hajanitukana, na mtoto anamwogesha.

Jana akarudi akasimama mlangoni, hata viatu hajavua, akasema, "Mkuu anauliza fundi anahitaji nini."

Nikageuka nyuma yangu kuangalia ni fundi gani ameingia.

"Wewe," akasema. "Wanafunzi wanakaribia kufika. Amesema ukikubali ukaiunganishe wewe mbele yao, na mtoto uende naye. Nitajie vitu, naandika."

Nikakaa pale pale kwenye beseni la nguo. Akachukua kalamu, nikataja, na pale nilipokwama akaniuliza mwenyewe, "Na gundi ni ipi ile?" Hivi ndivyo tulivyoandika, vya kwangu nilivyo navyo nimeviacha, hivi ndivyo bado nahitaji nitumiwe: injini mbili za resini pamoja na mabomba yake ya moshi, magurudumu matatu ya resini, yale yaliyobonyea kidogo kwa chini kama yamebeba uzito, kiti kimoja cha rubani, cha kulia, maana cha kushoto kipo, msumeno wa meno madogo kabisa, wembe wake wa akiba mmoja, msasa wa maji, laini na laini zaidi, supagluu, siyo gundi ya plastiki, barakoa, ya kwangu na za wanafunzi wote, na meza ndefu kwenda juu, mtoto akisimama mkono wake usifike.