Mota Mpya kwenye Gari la Baba

Jumamosi, asubuhi. Upepo wa ziwani haujatulia tangu alfajiri, na vumbi la mtaa wetu wa Kasingirima limeingia hadi kwenye chai. Siwezi kukaa. Nimefagia uwanja mara mbili, nimefua shuka ambazo hazikuwa chafu, na sasa naandika huku mguu unacheza chini ya meza.

Leo ni siku ya tisa Baba hajagusa rimoti.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Baba alikuwa fundi wa injini za boti mpaka kiharusi kilipomlegeza mkono wa kulia. Mtaalamu wa mazoezi akasema vidole vipewe kazi, tena kazi ya vitu vidogo vidogo. Kaka yangu aliyeko Dar akatuma gari la rimoti la kuunda mwenyewe, lile la wanaoanza, likiwa vipande vipande ndani ya boksi. Baba alilitazama, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Mmeniletea kitoto cha injini."

Lakini aliliunda. Wiki sita. Skrubu zilikuwa zinamponyoka, tunazitafuta kwa magoti. Gia alizipaka mafuta ya mawese kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu, na kesho yake sisimizi walijaa ndani ya gari. Nilicheka mpaka Mama akanikanya. Lilipowaka, lilitembea taratibu mno. Yeye aliridhika nalo, akawa analipeleka hadi mlangoni na kulirudisha, kila jioni.

Mimi ndiye niliyechoshwa na mwendo ule. Nakiri hapa kwa sababu nyumbani sijakiri. Mchana nipo kwenye steshenari moja mtaa wa Mwanga, nachapa barua za watu, na kati ya barua na barua natazama video za magari ya rimoti yanayoruka matuta. Nikaagiza mota yenye nguvu, betri yake na shokapu. Siku moja Baba alipojilaza baada ya adhuhuri, nikalifungua gari lake kuvifunga vifaa hivyo. Skrubu zilezile alizohangaika nazo wiki sita, mimi nilizitoa kwa dakika ishirini.

Dakika ishirini!

Sikuona ubaya. Nilidhani atafurahi.

Bila kumwambia nilichobadilisha, nikampeleka Baba akalijaribu ufukweni, karibu na kina mama wanaoanika dagaa. Alibonyeza kidogo tu. Gari likachomoka, kidole kikachelewa kuachia, likapita juu ya dagaa wa watu na kuishia majini. Hakuna aliyemcheka. Walisema, "Pole, mzee wetu," na naona hiyo ndiyo iliyomuumiza. Akanikabidhi rimoti.

Tangu siku hiyo mkono wa kulia anauficha chini ya shuka. Mazoezi hataki. Na mimi kila siku nalishughulikia gari: nimelikausha, nimebadilisha beringi, nimekaza hiki, nimelegeza kile. Kana kwamba kilichoharibika ni gari.

Nikimaliza kuandika hapa nitamwambia.

Jioni. Nimemwambia.

Nilimwekea mbele yake gari, mota ya zamani na bisibisi. "Baba, nisamehe. Nililifungua bila kukuuliza. Nitairudisha ile ya kwanza."

Baba aliigeukia mota ya zamani, akaitazama.

"Ulizitoa skrubu zangu?"

"Nilizitoa."

"Zote?"

"Zote, Baba."

Ule mkono ukatoka chini ya shuka. Akaisukuma mota ya zamani pembeni. "Injini kubwa siiogopi mimi, nimefunga ngapi kwenye boti! Itabaki hiyohiyo mpya. Ila itoe, nitaifunga mwenyewe." Nikafungua skrubu zote kumi na mbili, nikaitoa. Alipoanza kuifunga akaniona nimeshainama kumsaidia. "Na wewe kaa."

Nikakaa. Bisibisi iliteleza, akaanza tena. Skrubu ikaanguka, akaiokota mwenyewe. Kila ilipoanguka mikono yangu iliruka kabla sijaiambia, mwisho nikaikalia, moja chini ya kila paja, kama mtoto aliyekatazwa sukari. Mama alipita na ndoo, akanitazama, akaendelea na safari yake bila kuuliza.

Skrubu ya kwanza imekaza muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi. Baba alikuwa amelowa jasho. Akaifuta bisibisi kwa kanzu, akaiweka mfukoni mwake, mbali nami.

Zimebaki skrubu kumi na moja. Nitaweza kukaa?