Visanduku Viwili vya Namba Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: msichana, miaka kumi na sita, mwanafunzi. Kazi baada ya masomo: msomaji wa rimoti kwa fundi wa fataki. Anaishi kwa fundi huyohuyo, baba yake mdogo. Ameomba aandike mwenyewe, kwa kuwa sauti haimtoki.

Afande, hili sijamwambia mtu: Kobe aliporuka, nilicheka.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa kumi jioni, tulikuwa uwanja wa mpira tukiandaa fataki za fainali. Rimoti nashika mimi, kwa sababu maandishi yake ni ya Kiingereza na Kiingereza cha baba mdogo kinaishia kwenye salamu.

Fataki huunganishwa na visanduku kwa nyaya. Kila kisanduku kina namba ndani, unaibadilisha kwa bisibisi. Nikiwasha rimoti, inaita, na kila namba inayoitika inapata mstari wake kwenye kioo. Kisha naupa kila mstari jina na kuupanga kwenye kundi lake: lango, jukwaa, kona. Lakini rimoti haioni kisanduku, inaona namba. Visanduku viwili vikiwa na namba moja, kwenye kioo ni mstari mmoja, na ukibonyeza vinawaka vyote.

Hapo baba mdogo alipata mchezo wake. Kila mfanyakazi mpya hupewa "karibu": kisanduku cha akiba huwekewa namba ya kingine, kikafungwa fataki ndogo ya watoto na kufichwa karibu na miguu yake. Ikilia, mgeni anaruka, sisi tunacheka. Dereva wetu aliwahi kurushwa hivyo. Hata mimi.

Kobe, jina alipewa kwa mwendo wake, alikuwa na wiki moja kazini. Asubuhi ile alimwambia baba mdogo mbele ya msimamizi wa uwanja, "Bosi, huo waya umeugeuza." Msimamizi akacheka. Baba mdogo naye akacheka, meno tu.

Jioni nilimwona baba mdogo akifunga kwenye kisanduku cha akiba bomba zima, lile la kurusha juu. Akalilaza nyuma ya ndoo langoni.

"Ba'mdogo, hilo si kubwa?"

"Kobe ana gamba. Wewe soma mistari."

Nikaisoma kwa sauti, wa kwanza hadi wa nane. Kobe akanipungia mkono kutoka langoni. "Asante, mwalimu!" Ni yeye tu aniitaye hivyo.

"Kobe, simama hapohapo," baba mdogo akasema. "Tunajaribu kona." Akanyoosha kidole kwenye rimoti mkononi mwangu, akabonyeza nne.

Kona ililia kidogo. Langoni kulilia vingine. Kobe akaruka, nikacheka. Kisha akainua mikono mbele ya uso, akaigeuza huku na huku, kama mtu anayeitafuta.

Dereva alimkimbilia Kobe. Baba mdogo alikimbilia kisanduku. Nilimwona akikifungua na kuzungusha nne ikawa tisa.

Kobe alikuwa anasema, "Mwalimu, zima taa, inaniumiza." Hapakuwa na taa.

Garini baba mdogo aliniambia, "Kobe aliunganisha tisa bila kuniuliza. Unalala kwangu, unakula kwangu. Umeelewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sasa nasikia Kobe amefungwa pingu kitandani hospitalini, kwa uzembe, na macho hana.

Afande, kile kisanduku kingekuwa tisa tangu mwanzo, ningesoma mstari wa tisa. Nilisoma nane, dereva alisikia. Tena tisa haiwaki kwa kitufe cha nne. Rimoti mnayo, iwasheni: imehifadhi mistari ya siku ile, ni minane.

Nasikia viatu vya baba mdogo kwenye korido, cha kushoto kinaburuta. Tangu nianze nimefunika karatasi kwa mkono, kama kwenye mtihani. Sasa nautoa. Niliyoyaona ni haya, na kicheko kilikuwa changu.

Sahihi ya shahidi: imetiwa.

Maelezo ya askari: Baba mdogo wa shahidi aliingia bila hodi, akanitazama mimi, si karatasi. Akasema, "Afande, muulize huyu mtoto kama hakucheka." Nilimwonyesha mstari wa kwanza.