Baba Mkwe Nimempa Akaunti Kuu

Mpendwa Mama Domitila, shikamoo. Naomba unitoe kwenye hili kabla msimu wa kahawa haujafunguliwa, na nianze kwa kusema nyumbani sina shida, mume wangu Adrian ni mtu mzuri, na baba mkwe ananipenda kuliko nilivyotegemea, akishuka Mbamba Bay ziwani harudi bila kuniletea usipa, wale dagaa wa Nyasa, na yeye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika cha kahawa hapa Mkumbi, mimi nikiwa mtunza kumbukumbu kwenye kompyuta.

Mwaka huu tuliweka kanzidata, tukaingiza na mavuno ya msimu uliopita, wakulima wako kwenye jedwali lao na kahawa waliyoleta iko kwenye jedwali lingine, na yameunganishwa, ukimfuta mkulima na kahawa yake inafutika. Nikaagizwa nimfungulie kila mhusika akaunti ya kuingilia, jina lake na nywila yake, na ruhusa za kazi yake tu, Hamphrey wa mizani aingize kilo lakini asifute, mwenyekiti asome. Wengine niliwafungulia vizuri, nilipofika kwa baba mkwe nikasita, kwa sababu mimi ni Mngoni wa upande wa Songea, bibi yangu alinifunda kwamba mkamwana halitamki jina la baba mkwe, sasa nitaliandikaje kwenye mashine, tena chini yake niandike kwamba haruhusiwi hiki wala kile? Nikaona aibu, nikampa akaunti kuu ambayo mfumo ulikuja nayo, isiyo na jina la mtu na inayoweza kila kitu.

Mama, alifurahi sana. Kila asubuhi anavaa miwani, anaingia, anawatazama wakulima wake kama anayekagua shamba. Wiki iliyopita alitaka kumwondoa marehemu mmoja wa kijiji cha Mapera, akabonyeza pasipotakiwa, wakaondoka wakulima wote wa Mapera na kahawa yao. Bahati nilikuwa na nakala ya akiba, nikawarudisha. Yeye akawaambia wajumbe kwamba mashine ilipata homa, akanigeukia, nami nikasema, “Ndiyo baba, ilikuwa na homa.” Tena nywila amempa Hamphrey, amsaidie siku akisahau miwani. Nampunguziaje ruhusa mzee huyu asione nimemvua uenyekiti? Naogopa kuharibu upendo ambao wenzangu walioolewa wanautafuta na hawaupati.

Mkamwana, Mkumbi

Marahaba, mwanangu. Hiyo homa ya mashine imenichekesha, kisha nikakasirika, kwa sababu uliitikia huku dawa yake unaijua.

Kwa nakala ya akiba nakupa hongera, hapo ulifanya kazi. Kwingine umechanganya heshima na woga. Bibi yako alikukataza kutamka jina, hakukutuma umkabidhi mzee panga asilojua kulishika. Jina lake mwachie aliandike mwenyewe. Fungua ukurasa wa akaunti mpya, mpishe kitini, achape jina na nywila kwa mkono wake, wewe ukitazama pembeni. Hutakuwa umetamka kitu, na nywila yake hutaijua, jambo ambalo linatakiwa hata kwa wasio wakwe. Mzee mwambie pia kwamba Hamphrey hapaswi kuijua, miwani isahaulike isisahaulike.

Kuhusu ruhusa, unajitisha bure. Ufunguo wa ghala la kahawa anao mtunza ghala, na mwenyekiti akitaka kuingia anafunguliwa. Umewahi kumwona baba mkwe akinuna kwa hilo? Mweleze kwamba akaunti yake itaona kila kitu, hakuna mjumbe atakayeona zaidi yake, na hakuna rekodi itakayoondolewa kabla yeye hajaidhinisha. Na marehemu hafutwi. Mwekee alama kwamba amefariki, kahawa yake ibaki, watoto wake watakuja kuiulizia. Halafu uuelekeze mfumo ukatae kumfuta mkulima yeyote mwenye kahawa, hata anayejaribu akiwa wewe.

Tena nakuuliza, kazi zako za kila siku unaingilia akaunti ipi? Hukusema, na kunyamaza kwako nimekuelewa. Jifungulie akaunti ya kawaida wewe wa kwanza, mzee akiwa amekaa hapo, aone kwamba utaratibu umeanza na wewe. Nywila ya akaunti kuu ibadilishe leo, usisubiri mazungumzo. Iandike, iweke kwenye bahasha, msaini wewe na mzee juu ya gundi, ifungiwe kwenye sefu ya chama. Itafunguliwa mkiwepo wote wawili, kwa kazi inayoihitaji kweli.

Adrian usimtume. Nenda mwenyewe, asubuhi mzee akishakunywa uji, umwambie kwa sauti ya mtoto anayesema na baba yake. Anaweza kununa. Mwache anune, mpikie, atarudi. Lakini ukinyamaza, na wakulima wa Mapera wakapotea tena huku mizani imeshafunguliwa, habari ya homa hakuna atakayeikubali. Watamsimamisha mkutanoni mbele ya wajukuu zake, naye hatajua hata alikosea wapi, kwa sababu wewe uliyejua ulikuwa unamheshimu.

Mama Domitila